Unaanza kazi kwenye makao ya watoto? Kundi umelikuta

Wapya karibuni, ila kabla hujapanga viti duara uanze vikao vyako, jua watoto tayari wana kundi lao, lina wakubwa wake na sheria zake, na linakaa kikao kila usiku bwenini taa zikizimwa we ushalala. Kwa hiyo kazi yako sio kuanzisha kundi, ni kuangalia hilo lililopo linamsifia nani na kwa lipi.

Anza na kicheko. Dogo akisimulia alivyomwibia muuza chipsi, wenzake wakacheka, hicho kicheko ndo mshahara wake, kesho ataleta kubwa zaidi. Watafiti wa Marekani kina Thomas Dishion waliandika 1999 kwamba kuwakusanya vijana watukutu pamoja ili uwarekebishe kunaweza kuwaharibu zaidi, sababu wanafundishana. Ndo maana ukipanga kikao usijaze wagomvi watupu, changanya na waliokaa wakatulia, na wasizidi kama kumi hivi.

Tulikuwa na mtoto anakojoa kitandani, godoro lake linaanikwa mbele ya jengo, wote wakipita kwenda kunywa uji wanaziba pua. Sasa huyo umkalishe katikati aongelee hilo? Ukatili huo. Godoro likahamia nyuma ya jiko, halafu kikaoni tukauliza tu kwa ujumla, mtu akiwa mgeni humu usiku anaogopa nini? Wakaanza wenyewe, giza, choo kiko mbali, mpaka mkubwa mmoja mtata kweli akasema yeye atakuwa anawasindikiza wadogo chooni, na alifanya, yaani ghafla akawa na cheo kisichotokana na ngumi.

Ila adhabu msiwaachie. Janusz Korczak, daktari na mlezi wa zamani kule Warsaw, Poland, alikuwa na mahakama ya watoto kwenye nyumba yake ya yatima, hata yeye alishtakiwa humo, lakini vifungu 99 vya mwanzo vya sheria za mahakama hiyo vyote ni vya kusamehe au kufuta kesi. Huku kwetu unakuta mlezi anampa kaka mkuu fimbo halafu anaita malezi ya rika, yaani watoto kuleana wenyewe, hapo umeajiri mbabe tu.

Na mtoto akianza kutoa mbele ya wenzake mambo aliyofanyiwa nyumbani, mkatize kwa upole, mmalizie pembeni wawili, afisa ustawi wa jamii ajue siku hiyohiyo, maana yakishafika bwenini atakuja kutukanwa nayo siku wakigombania ndoo.