Kazi ya benki Uingereza: je, riba ya "nchi ya makafiri" haihesabiki?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, Lamu. Nilikuwa karani wa kaunta katika dirisha la Kiislamu (kitengo kisicho na riba) la benki moja Malindi. Sasa niko Birmingham kwa viza ya mke wangu. Benki moja yanitaka niuze mikopo ya nyumba, nyingine yanitaka kaunta. Wenzangu msikitini wasema nichukue yoyote, kwani riba katika nchi ya makafiri haihesabiki. Kodi ya nyumba imenielemea na mama nyumbani ananitegemea.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Mwanangu, swali lako limetangulizwa mbele ya mengine kwa sababu maneno hayo ya wenzako yamezagaa na yanawaponza vijana wetu ugenini.

Wanashika hadithi isemayo hakuna riba baina ya Muislamu na harbi (kafiri wa nchi iliyo vitani na Waislamu) katika dar al-harb, yaani nchi ya vita. Hiyo ni mursal ya Makhul: tabii, aliyekuja baada ya masahaba, kamtaja Mtume (s.a.w.) bila kumtaja sahaba. Imam Nawawi katika al-Majmuu ameijibu kuwa ni mursal dhaifu, haina hoja, na kwamba riba ni haramu huko kama ilivyo huku. Kweli, Imam Abu Hanifa kaishika, lakini mwanafunzi wake mwenyewe, Abu Yusuf, kamkhalifu. Na hata tukiwakubalia, haiwafai kitu! Kauli ile yamzungumzia Muislamu anayepokea ziada kutoka kwa harbi. Wewe utakuwa karani unayewafunga watu deni, na wengi wao mjini humo ni Waislamu wenzako. Isitoshe, umeingia kwa viza, nayo ni ahadi ya amani. Nani kakuambia uko vitani?

Muslim kapokea kwa Jabir kuwa Mtume (s.a.w.) kamlaani mla riba, mlishaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa. Mwuza mikopo ya nyumba ndiye huyo mwandishi: amkalisha mteja, ampigia hesabu ya riba ya miaka 25, amjazia fomu. Kazi hiyo iache.

Kaunta ina mchanganyiko: kuweka na kutoa pesa, lakini pia kupokea marejesho ya mikopo, na mara nyingi kuhimizwa kumshawishi kila mteja achukue kadi ya mkopo. Ukikosa kabisa pa kushika, ingia kwa dharura, na dharura hukadiriwa kwa kiasi chake: endelea kutafuta, na siku ukipata nyingine, toka. Kazi ya benki ya kuzuia utapeli na utakatishaji wa pesa ni nyepesi zaidi kwangu, maana kazi yenyewe ni kumkamata mwizi. Wallahu aalam.

Sasa tafuta palipo safi. Al Rayan Bank ni ya Kiislamu na ina mizizi hapo hapo Birmingham. Gatehouse Bank nayo ni ya Kiislamu. Zipo pia kampuni za kutuma pesa, ambazo hula ada, si riba. Jina la kampuni lihakikishe kwanza kwenye rejista ya FCA, mamlaka ya kusimamia fedha Uingereza, mtandaoni. Uzoefu wako wa dirisha la Kiislamu uandike juu kabisa ya wasifu, bila picha, kurasa mbili zatosha. Cheti cha fedha za Kiislamu cha CISI, taasisi ya wataalamu wa fedha ya Uingereza, kitakuongezea uzito.

Wengi hukwama kwenye uchunguzi wa nyaraka na historia yao, baada ya usaili kwisha. Namba ya uthibitisho wa haki ya kufanya kazi (share code) huanza kwa herufi W na hudumu siku 90, basi itoe karibu na siku ya kuitumia. Usingoje namba ya Bima ya Taifa. Waweza kuanza kazi kabla haijafika. Barua ya mwajiri wako wa zamani iombe kwa idara ya rasilimali watu, kwa karatasi ya benki na barua pepe ya ofisi. Ya meneja wa tawi kutoka anwani yake binafsi mara nyingi hukataliwa. Miezi ya kuanza na kuacha kazi ilingane na wasifu. Cheti cha tabia njema cha DCI, polisi wa upelelezi wa Kenya, kiombe mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwani alama za vidole huchelewesha.

Na majina yetu ya Pwani ndiyo balaa: Athman kwenye pasipoti, Othman kwenye cheti cha mtihani cha KNEC. Mwombe mtu wako wa Lamu aende kwa wakili leo akuulizie hati ya kiapo kuwa majina yote mawili ni yako, kabla benki haijauliza.