Shikonini: ivune seli zikiwa bado kazini
Kama shikonini yako (rangi nyekundu ya mmea) imebaki kiwango kilekile huku seli za mmea wa Lithospermum unazokuza maabara zikiwa hai, huenda inarundikana kwenye kuta za seli na kuzuia nyingine isitengenezwe. Ongeza heksadekeni (kimiminika cha mafuta kisichochanganyika na maji) iliyotakaswa, ndani ya wiki mbili za kwanza za kukuza seli. Ukichelewa, faida hupungua sana. Itaelea juu ya midia (maji ya virutubisho yanayolisha seli) na kuwa nyekundu kadiri inavyonyonya rangi. Tikisa taratibu, maana ukizidisha utapata povu zito la mafuta na maji lisilotengana. Kisha fyonza tabaka la juu, ulichanganye na KOH (hidroksidi ya potasiamu) ya 2.5%: maji yakigeuka buluu, shikonini imehamia humo. Weka seli gizani, na midia isiwe na amonia. Vyote viwili, mwanga na amonia, huzima kabisa utengenezaji wa shikonini.