Kipupwe Kimetukuta: Majibu kwa Wazee wa Dodoma na Wanaowatunza

Tangu Juni iingie, meseji nyingi mnazonitumia ni za baridi na upepo. Nimechagua chache. Baadhi zimetoka kwa vijana wanaouliza kwa niaba ya wazazi wao, nao nawashukuru kwa moyo wote. Mzee akisema anasikia baridi, mara nyingi huambiwa ajifunike yaishe. Haishii hapo.

Nilihamia Dodoma kutoka Tanga baada ya kustaafu, nikamfuata binti yangu aliyehamishiwa huku kikazi. Kila ikifika Juni baridi inaniingia hadi kwenye mifupa. Wajukuu wananicheka, eti nyuzi 14 si baridi. Je, ni uzee tu? (Mama, Area C)

Mama yangu, hudeki. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo unaotufikia hutoka kusini-mashariki, mkavu, ukitokea upande wa dunia ambao wakati huo uko kwenye majira ya baridi. Mawingu ni haba. Joto ambalo ardhi ilikusanya mchana kutwa hupaa usiku bila kizuizi, na alfajiri ya Julai kipimo huwa kimeshuka hadi nyuzi 13 au 14. Tanga ina bahari inayotunza joto, na usiku wa Julai huko huzunguka nyuzi 20. Mwili wako umeishi na bahari miaka yote hiyo.

Halafu kuna huku kupanda na kushuka. Saa 8 mchana kipimo kinafika nyuzi 26, watu wanavua masweta, jua likizama saa 12 na nusu baridi inarudi. Kijana hata hashtuki. Sisi misuli imepungua, na misuli ndiyo inayotengeneza joto mwilini. Mafuta ya chini ya ngozi nayo yamepungua. Kuna pia jambo ambalo wengi hawalijui: baridi hubana mishipa ya damu, na presha hupanda. Kama unatumia dawa za presha, pima mara nyingi zaidi miezi hii, na usiache dozi kwa sababu tu umeamka vizuri.

Kuhusu mavazi, nguo nyepesi mbili tatu moja juu ya nyingine hushinda sweta moja nene, kwa kuwa hewa iliyonaswa katikati yake ndiyo inayozuia joto lisitoke. Funga kanga kichwani unapolala. Vaa soksi kavu za kulalia, siyo zile ulizoshinda nazo. Tandika blanketi moja chini yako pia, juu ya godoro, kwani baridi nyingi ya usiku hutokea chini. Na weka kipande cha zulia au mkeka pale unapoteremshia miguu asubuhi. Sakafu ya vigae saa 11 alfajiri inauma, na mtu anayekurupuka kwa ubaridi wa sakafu ni rahisi kuanguka.

Ila kama unasikia baridi hata saa 7 mchana juani, na uchovu hauishi, nenda ukapimwe wingi wa damu, sukari na tezi ya shingoni. Na baridi inayokuja na homa na kutetemeka ni ya kupima malaria siku hiyohiyo, hata kama ni Julai.

Bibi yangu yuko Chamwino, anaishi na mdogo wangu wa miaka tisa. Usiku huingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango na dirisha. Nikimwambia ni hatari ananijibu mkaa ukishakolea hauna moshi, na kwamba wamefanya hivyo miaka yote. Nimwambie nini? (Mjukuu, Dodoma mjini)

Usimwambie kwa simu. Nenda.

Bibi ana haki kwenye jambo moja: mkaa uliokolea hauna moshi. Huo ndio mtego wenyewe. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, wala haikuchomi kooni ukakohoa na kuamka. Ikiingia kwenye damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hupitiwa na usingizi asiamke tena. Miaka yote hiyo bibi yako alikuwa kwenye nyumba zenye matundu: paa la nyasi, mlango wa mbao usiofunga vizuri, nafasi kati ya ukuta na bati. Leo mmemjengea chumba cha bloku chenye dirisha la kioo na mlango unaoziba. Jiko ni lilelile, chumba ndicho kilichobadilika. Mweleze hivyo, atakuelewa, na heshima yake itabaki palepale.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wakiamka wote wawili wanaumwa kichwa, usiseme ni mafua. Watolewe nje wapate hewa na wapelekwe kituo cha afya mara moja.

Na usiende mikono mitupu, kwa sababu ukimnyang'anya jiko bila kumpa kitu, ukigeuza mgongo tu litarudi ndani. Mpelekee blanketi zito na chupa nzuri ya chai. Jioni jiko liwake nje au barazani, wachemshe maji, wajaze chupa ngumu yenye kifuniko kisichovuja, waizungushie kanga mara mbili na kuiweka miguuni chini ya blanketi. Itawapa joto hadi usiku wa manane. Kama bibi ana kisukari na miguu imekufa ganzi, chupa ipashe kitanda kabla hajalala, kisha itolewe, maana ataungua bila kujua. Jiko libaki nje hadi asubuhi, hata likionekana limezima.

Tuna kijiwe chetu cha bao, wazee sita. Miezi hii tumeshindwa kukutana asubuhi kwa sababu ya upepo, na wawili wameacha kuja kabisa. Tufanyeje? (Mzee, Chang'ombe)

Hamisheni benchi, mzee wangu. Juni na Julai jua letu la mchana halipiti utosini, linapita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini wa nyumba yoyote hapo mtaani unapigwa na jua mchana wote, na nyumba yenyewe inawakinga na upepo wa kusini-mashariki. Kaeni hapo kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9. Ukuta wenyewe utakuwa umepata moto, mtauegemea kwa raha. Ikifika Desemba jua linakuwa limevuka upande wa kusini, na benchi hilohilo litakuwa na kivuli adhuhuri, bila kulisogeza.

Wale wawili walioacha kuja, kesho mmoja wenu awapitie nyumbani. Msisubiri Septemba. Mzee anayejifungia kwa ajili ya baridi huanza kwa kuacha bao, halafu anaacha kula vizuri, na nyumbani wanadhani amepumzika.

Rafiki yangu niliyefundisha naye miaka mingi sasa yuko Winnipeg, Kanada, kwa mwanawe. Januari alinitumia picha ya theluji na kipimo cha -25. Nilipomwambia sisi Julai tunatetemeka kwa nyuzi 14 alicheka mno, na mpaka leo tunabishana. Nani anasikia baridi zaidi? Na mbona Januari na Februari hunyamaza hata wiki mbili? (Mwalimu mstaafu, Mpwapwa)

Mwalimu, nje ya nyumba rafiki yako anakushinda, wala usijaribu kubisha. Usiku wa Januari Winnipeg kwa kawaida hushuka chini ya -20, na huko mtu hatoki bila koti zito, glavu na buti. Lakini muulize kipimo cha ndani. Nyumba za kule kuta zake zimejazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke, madirisha yana vioo viwili, na kuna mtambo wa kupasha joto unaowaka usiku na mchana, hivyo sebuleni hukaa kwenye nyuzi 20 na kitu. Wewe umelala chini ya bati, kwenye bloku tupu, na alfajiri chumba chako huenda kina nyuzi 16 au 17. Mkilinganisha vyumba vya kulala, mwenye baridi ni wewe. Mwambie hivyo, uone atajibu nini.

Swali lako la pili ndilo lililonigusa. Sisi hapa, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima ni kama dakika 40 tu, hata hatuioni. Winnipeg mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 na nusu jioni. Njia zimejaa barafu, na mzee akiteleza anavunjika nyonga, kwa hiyo wengi hukaa ndani wiki nzima. Mwanawe yuko kazini, wajukuu wako shule, jirani hapiti kusema hodi. Kukosa mwanga huko huwashusha watu moyo hata waliozaliwa hukohuko, sembuse mtu aliyekulia Mpwapwa.

Kimya chake cha Januari kichukulie hivyo. Usimtumie meseji tu, piga simu asikie sauti yako. Majira hayo saa 2 usiku kwako ni saa 5 asubuhi kwake: ameshakunywa chai na nyumba imebaki tupu. Muulize amekula nini, ametoka nje lini, analalaje. Mweleze kama mvua imenyesha na uwele umefika wapi shambani. Akikwambia hana hamu ya lolote kwa wiki kadhaa, hata chakula, msihi amwambie mwanawe ampeleke kwa daktari. Na ule ubishi wenu msiuache. Mtu anayesubiri kukujibu kesho ana sababu ya kushika simu.

Kipupwe sisikii kiu kabisa, naweza kukaa siku nzima na kikombe kimoja cha chai. Kuna ubaya? (Bibi, Kikuyu)

Upo. Hewa hii kavu inakunyonya maji kwa ngozi na kwa pumzi bila wewe kutoka jasho, na kwa umri wetu kiu huchelewa kuja. Kunywa kabla hujaisikia: maji ya uvuguvugu ukiamka, uji wa uwele saa 4, maji kila unapomeza dawa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Kama unaogopa kuamka usiku, kunywa zaidi mchana na upunguze baada ya saa 12 jioni. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiasi walichopewa na daktari wao.

Mbukwa! Upepo na vumbi vimenimaliza macho, yanawasha na kutoa machozi, na kope zinanichoma. Ngozi ya miguu nayo imepasuka. (Msomaji, Kongwa)

Mbukwa, ndugu yangu. Ngozi ni rahisi: oga maji ya uvuguvugu, usikae majini muda mrefu, na upake mafuta ya mgando ngozi ingali na unyevunyevu, ndani ya dakika chache. Ukisubiri ikauke unapaka juu ya ukavu.

Macho usiyachukulie kama vumbi tu. Umesema kope zinachoma, na Kongwa trakoma, hiyo tunayoiita vikope, imekuwa tatizo la muda mrefu; watafiti waliifuatilia hapo na kuona watoto wanaooshwa nyuso walipata trakoma kali kwa uchache zaidi. Ugonjwa huu ukikomaa, ukope wa juu hupinda kwa ndani na kope hukwangua kioo cha jicho kila unapopepesa. Kuzing'oa kwa kibano kunatuliza siku chache, kisha zinaota tena. Kuna upasuaji mdogo wa kuurudisha ukope mahali pake. Nenda ukaonwe na mtu wa macho mwezi huu, kwa sababu kioo kikishapata kovu, uoni uliopotea ni vigumu kurudi. Nyumbani kila mtu awe na taulo lake la uso.

Watoto wamenijengea nyumba ya bati. Nashukuru, ila Oktoba na Novemba mchana siwezi kukaa ndani. Sasa wanataka kuibomoa tembe yangu ya zamani ili kupata nafasi ya kuegesha gari. Nakataa, wananiona nina ushamba. (Mzee, Mvumi)

Kataa, mzee. Watoto wako wasome hapa.

Tembe ina ukuta mnene wa udongo na paa la udongo juu ya miti. Udongo ule hupokea joto polepole mno. Hadi joto la saa 8 mchana lipenye lifike ndani, jua limeshazama. Bati halina uvivu huo. Linapigwa na jua saa 4, na saa 5 uliye chini yake unalisikia utosini. Waliojenga tembe kwenye nchi hii ya jua kali walikuwa wanajua wanachofanya, na inanisikitisha kuona zinabomolewa bila hata kujadiliwa. Kwa mzee joto kali lina hatari yake: jasho linapungua, kiu inachelewa, na baadhi ya vidonge vya presha vinatoa maji mwilini.

Gari litafutiwe kivuli kingine. Nyumba ya bati iwekewe dari, na kati ya dari na bati kuwe na matundu ya hewa. Pangaboi bila dari linakushushia hewa ya moto tu. Madirisha yafunguliwe alfajiri, kisha saa 4 mapazia yashushwe. Mwarobaini upandwe upande wa magharibi, lile jua la alasiri lisipige ukuta.

Na tembe ibaki mahali pako pa kupumzikia mchana. Waambie wakusaidie kulikandika upya paa mwezi Septemba au Oktoba, udongo ukauke kabisa kabla mvua za Desemba hazijaanza. Wakague na miti ya juu, palipoliwa na mchwa pabadilishwe kwanza.