Kaumia kweli, au kalala tu?

Barua za wiki hii karibu zote zinalalamikia kitu kimoja, wachezaji wanaojifanya wameumia, nami nimechagua nne.

Nilikuwa Nangwanda Sijaona. Wageni wanaongoza bao moja, kipa wao akalala mara tatu ndani ya dakika kumi za mwisho. Refa anamtazama tu. Kwa nini hakutoa kadi? (Msomaji, Chikongola, Mtwara)

Sheria ya 12 inamruhusu kutoa njano kwa anayejifanya kaumia. Lakini refa si daktari, na siku atakayomkaripia kipa aliyeumia kweli, mji mzima utamwimba. Halafu kuna hili: mchezaji asiye kipa akitibiwa uwanjani, kwa kawaida lazima atoke kwanza, wenzake wabaki pungufu. Kipa hatolewi. Na tangu mwaka 2025, akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 inapigwa kona. Basi njia ya kula muda iliyobaki rahisi ni kulala. Siku nyingine usimtazame kipa, tazama benchi. Utamwona kocha kawaita vijana kwenye chupa za maji, anapanga upya mabeki. Kipa kalazwa na kocha, si na msuli.

Dawa aliyonayo refa ni dakika za nyongeza. Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar waamuzi waliagizwa wafidie muda uliopotea sawasawa, watu wakashangaa kuona nyongeza ya dakika kumi na zaidi. Huku kwetu ikizidi tano, refa anaulizwa kala kiasi gani.

Raga mtu anatoka damu, anafungwa bandeji, anarudi. Wa mpira akiguswa bega anashika uso. Ni uoga? (Kijana wa Masasi)

Hapana, ni hesabu. Kwenye raga daktari anaingia uwanjani na mchezo unaendelea. Ukilala, umewaachia wapinzani pengo. Kwenye kikapu saa inasimama kila filimbi ikilia, kwa hiyo kulala hakuli muda. Hata hivyo wanajirusha kutafuta faulo, ndiyo maana NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilianza kuwatoza faini mwaka 2012, na tangu msimu wa 2023/24 anayenaswa humpa mpinzani mtupo mmoja wa bure. Soka ina saa isiyosimama na mabao ya kuhesabu kwa vidole. Penalti moja ndiyo mechi nzima. Uongo unalipa kuliko mahali pengine popote.

Wala usiwafanye wa raga malaika. Mwaka 2009, Harlequins ya Uingereza wakicheza na Leinster ya Ireland, winga wa Harlequins Tom Williams alitafuna kidonge cha damu bandia ili aonekane anavuja damu, na mpigaji wao wa mikwaju aliyekwisha kutolewa aruhusiwe kurudi kushika nafasi yake. Baadaye akachanwa mdomo makusudi, kidonda kipatikane. Kocha wake, Dean Richards, alifungiwa miaka 3.

Kuna mwongo aliyewahi kuadhibiwa kisawasawa? (Bodaboda, Lindi mjini)

Rivaldo wa Brazil, Kombe la Dunia la 2002: mpira ulimpiga mguuni, akaanguka kashika uso. Mturuki aliyeupiga akapewa nyekundu, Rivaldo akalipa faini ya faranga 11,500 za Uswisi na kombe akabeba. Hiyo si adhabu, ni nauli.

Aliyeadhibiwa ni Roberto Rojas, kipa wa Chile. Mwaka 1989, Maracanã, wanafungwa moja na Brazil. Fataki ikatua karibu yake, akaanguka anavuja damu, wenzake wakagoma kuendelea. Kumbe wembe alikuwa nao kwenye glavu na kajikata mwenyewe. Picha ndizo zilizoonyesha kwamba fataki haikumgusa. Alifungiwa maisha, akasamehewa 2001. Chile ilizuiwa kuwania Kombe la Dunia la 1994.

Wanangu wa darasa la sita, tunajiandaa na UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, wameanza kubingirika kama wale wa kwenye luninga. Nifanyeje? (Mwalimu, Nachingwea)

Mwalimu, shikamoo. Aliyegongwa kichwa simamisha mchezo hapo hapo, bila kuuliza. Wengine wote, anayelala mtoe nje aketi na begi la huduma ya kwanza, wenzake waendelee bila yeye. Mtoto wa umri ule anachukia kukaa nje kuliko anavyochukia kufungwa. Ila awe na uhakika kwamba akiumia kweli utamwamini, la sivyo utamfundisha kuficha maumivu.

Na niseme ukweli, mimi mwenyewe nililala. Fainali ya ndondo, uwanja wa mchanga, Mikindani, tunaongoza moja. Nilishika goti nikapiga kelele hadi wazee wakaacha kucheza bao wakaja kutazama. Tulishinda. Beki wa upande wa pili sasa anauza samaki feri, na kila nikienda kununua changu, kabla hata ya salamu ananiuliza: "Goti halijambo?"