Hajalipwa miezi miwili nje: barua kwanza, tiketi baadaye

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako anayecheza soka nje ya nchi, na hajalipwa miezi miwili, afungashe arudi nyumbani. Asiondoke kwanza. Akitoka kambini bila barua, klabu itasema yeye ndiye mtoro, itamdai fidia, na kama bado yumo kwenye miaka ya mwanzo ya mkataba anaweza hata kufungiwa mechi kwa miezi 4.

Kinachomlinda ni ibara ya 14bis ya kanuni za uhamisho za FIFA. Inataka mambo mawili kwa pamoja: deni la mishahara isiyopungua miwili ambayo tarehe zake za kulipwa zimeshapita, na klabu iwe imeandikiwa na kupewa walau siku 15 za kulipa deni lote.

Wengi hujikwaa kwenye tarehe. Mkataba ukisema mshahara wa Septemba unalipwa tarehe 10 Oktoba, basi Oktoba mosi hakuna deni la Septemba. Asome mkataba, asihesabu mwisho wa mwezi kwa mazoea. Bonasi azidai pia, ila asizitumie kujazia mshahara wa pili. Klabu itaanza kubishana juu ya kila mechi.

Barua isiwe ya kulalamika. Kiini chake ni hiki tu: "Mshahara wa Septemba, euro 3,000, ulitakiwa kulipwa tarehe 10 Oktoba. Wa Oktoba, euro 3,000, tarehe 10 Novemba. Jumla euro 6,000. Nawapa siku 15 tangu mpokee barua hii. Msipolipa zote, nitavunja mkataba kwa sababu halali." Aweke na namba ya akaunti, wasije wakajitetea kwamba hawakuijua. Itumwe kwa barua pepe rasmi ya klabu, ile iliyo kwenye mkataba. WhatsApp ya meneja wa timu, hata akijibu "vumilia kidogo", ni ushahidi wa nyongeza tu. Siku ya kupokea isihesabiwe, na aongeze siku mbili za tahadhari kabla ya kuvunja.

Ndani ya siku hizo 15 aende mazoezini kila siku, kwa wakati. Wakimtoa kwenye kikosi au wakimfungia geti, siku hiyohiyo aandike barua pepe kwamba yupo tayari kufanya kazi. Hapa ndipo viongozi huja na karatasi. Kuna ya kusaini kwamba amelipwa "ili hela itoke benki", na kuna ratiba mpya ya malipo. Hiyo ya pili ndiyo hatari zaidi kwa sababu inaonekana ya kiungwana: akiisaini, tarehe za deni zinasogea mbele na barua yake inakosa nguvu. Wakilipa nusu, deni halijaisha. Wakilipa lote siku ya 14, haki ya kuvunja imekwenda, aendelee kucheza.

Siku zikiisha bila malipo, anatuma barua ya pili ya kuvunja mkataba, kisha anafungua madai mtandaoni kwenye Mahakama ya Soka ya FIFA. Mchezaji halipi gharama za kesi huko, na ana miaka 2 tangu tukio. Kabla ya hapo aangalie kama mkataba unapeleka migogoro kwenye chombo cha nchi ile, na kama sehemu ya mshahara iliandikwa kama haki za picha (malipo ya klabu kutumia jina na sura yake) kwenye mkataba wa pembeni. Hizo za picha FIFA mara nyingi huzikataa. Binafsi nisingemshauri mchezaji yeyote kukubali mgawanyo huo.

Kuhusu fidia, msipige hesabu kubwa. Ikiwa imebaki miezi 10 ya euro 3,000, ni 30,000. Akipata klabu mpya inayomlipa 2,000 kwa miezi hiyohiyo, 20,000 zinakatwa. Atabaki na 10,000 pamoja na malimbikizo, na juu yake nyongeza ya mishahara mitatu kwa kuwa mkataba umevunjika kwa sababu ya deni.

Suala la kibali cha kuishi mliulizie mapema, maana nchi nyingi hukifunga na ajira, na mkataba ukivunjika nacho hufa.

Akishinda, aipelekee klabu taarifa za benki mara moja. Siku 45 za kulipa zinaanzia hapo, na zikipita klabu inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Nyingi hulipa zinapoona dirisha linakaribia.