Maswali na Majibu: Roketi ya Utepe, Daraja la S6A

Vipimo vya lazima ni vipi?
Roketi hii ndogo ya mfano hushuka kwa utepe badala ya parachuti, na katika mashindano hushinda inayokaa hewani muda mrefu zaidi. Kanuni za FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya angani, zinadai urefu usiopungua mm 500, na angalau nusu yake iwe na kipenyo kisichopungua mm 40. Msukumo wa injini usizidi nyutoni-sekunde 2.5. Silinda ya mm 255 inatosha. Nyuma yake weka koni inayokonda hadi kwenye injini.

Mbona bomba langu la faibaglasi hutoka zito?
Epoksi, yaani gundi inayogandisha kitambaa, imezidi. Chukua kitambaa cha gramu 25 kwa mita ya mraba, ukizungushe mara mbili tu. Mzingo ni sm 12.6, kwa hiyo kata sm 26. Kalibu, yaani umbo unalozungushia kitambaa, uipake nta kwanza, kisha kausha epoksi iliyozidi kwa karatasi ya chooni mpaka nyuzi zionekane. Uzito wa epoksi usipite wa kitambaa.

Utepe uwe mkubwa kiasi gani?
Hapa ndipo sekunde zinapopatikana. Urefu lazima uwe angalau mara 10 ya upana. Utepe wa polyesta wa sm 10 kwa 100, unene wa mikroni 25, una gramu 3.5 hivi, wa mikroni 50 ni gramu 7, na uzito huo unauvuta chini. Anza na mwembamba.

Ukunje kama feni, mikunjo ya sm 1 hadi 2, mistari yake ikinyooka kabisa. Mikunjo mikali huufanya utepe upigepige hewani, na kupigapiga huko ndiko kunakoichelewesha roketi. Utepe usio na mikunjo hunyooka tu na kushuka upesi. Usiuache ndani ya bomba tangu jana yake. Ukunje na kuuingiza muda mfupi kabla ya kurusha, ukiwa na poda kidogo.

Utepe wangu ulitoka umeyeyuka na kugandana.
Gesi ya chaji, baruti ndogo ya injini inayofyatua utepe nje, iliupita ulinzi. Ongeza karatasi laini isiyoshika moto ijaze bomba bila kubana. Ukiishindilia, utepe hautoki.

Mapezi?
Matatu, balsa ya mm 1, nyuzi za mti zikifuata ukingo wa mbele. Zikikata upande mwingine, pezi huvunjika likitua.

Utepe unakatika ukifunguka.
Chaji ya injini inafyatua utepe wakati roketi ingali na kasi, ama ikipanda ama imeshageuka kushuka. Tazama ni lipi kati ya hayo, ndipo uchague injini ambayo chaji yake husubiri muda mrefu zaidi (ikiwa ilikuwa ikipanda) au mfupi zaidi (ikiwa ilikuwa ikishuka).