Una jioni moja tu Amritsar? Nenda hapa

SWALI: Najitolea kufundisha kijijini Punjab, India. Jumamosi nitalala Amritsar. Jioni hiyo moja niitumieje?

JIBU: Nenda Harmandir Sahib, Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, ufike kabla jua halijazama. Viatu vinapokewa bure. Vua na soksi, kwani mlangoni utapita kwenye maji ya kunawia miguu. Kichwa kifunikwe, mwanamke kwa mwanamume. Beba kitambaa, si kofia. Sigara ziache ulikofikia, na ukiketi kando ya bwawa linalozunguka hekalu usichovye miguu.

Chakula cha usiku kipo langar, jiko linalolisha yeyote bure mchana na usiku. Unakaa chini kwa mstari. Chapati ipokee kwa viganja vyote viwili, usiidake kwa mkono mmoja. Omba kidogo, wataongeza. Kubakisha ni aibu. Ukitaka kusaidia kuosha sinia, jongea tu, ila kelele za chuma kule si mchezo!

Baadaye usiku, kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, hubebwa kwa machela hadi Akal Takht, jengo takatifu linalotazamana na hekalu. Saa hubadilika kwa msimu, hivyo uliza mapema. Foleni ya kuingia ndani ya hekalu lenyewe ni ndefu, na humo picha ni marufuku.